Jiwe Jeupe na Mawifi wa Salale

Huko delta hakuna mawe. Mtu wa Salale akitaka kumfukuza mbwa humtupia bonge la tope, na mbwa mwenyewe anajua halitamuumiza, kwa hiyo huondoka kwa kumtunzia mtu heshima tu. Ardhi yote ile imeletwa na mto, tope juu ya tope, na mikoko ndiyo inayoishikilia isirudi baharini. Unaweza kuchimba shimo mpaka mikono ife ganzi, na jembe lako lisikwaruzwe hata mara moja. Ndiyo maana siku niliyomwona yule mama kwa mara ya kwanza, akishusha viroba vya mawe pale bandarini Nyamisati na kuwaamuru wabeba mizigo wavipakie kwenye boti ya Salale, mimi sikucheka. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nachoma vitumbua kwenye banda langu la chai, nikajisemea kwamba huyu ana akili ya biashara, ila imekaa upande.

Alizaliwa wapi na ni binti wa nani, hayo waulizwe wanaogawa urithi. Inatosha kujua kwamba kwao ni milimani, kusini, lakini yeye alikulia Kibiti, barabarani, na alipika kwa mkaa tangu alipoanza kushika mwiko. Pale bandarini wote tulimwita Muuza Mawe, mbele yake na nyuma yake.

"Mama, leo umetuletea mlima gani?" wabeba mizigo walimuuliza kila alipoteremka.

"Nimewaletea ule uliowashinda kuupanda," alijibu, na hapo ndipo uso wake ulipochangamka. Kutaniwa kulimpa nguvu kuliko chakula.

Boti za Salale hazifuati saa, zinafuata maji. Maji yakipwa, mkono wa mto unabaki tope tupu na abiria wanabaki kwangu. Kwa hiyo Muuza Mawe nilimpata kwa vipande, asubuhi moja leo, mchana mmoja wiki ijayo, miaka nenda miaka rudi, mpaka nikawa namjua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu. Alikaa benchi la ndani, miguu ameinyoosha, kiatu kimoja amekivua. Kimoja tu, na sikuwahi kujua kwa nini. Aliagiza chai ya rangi yenye tangawizi, akalalamika kwamba sukari imezidi, kisha akaomba sukari.

Nitasema mapema alichokuwa anakitafuta duniani, maana bila hicho mtu huyu haeleweki. Aliolewa Salale na fundi mashua, mgane mpole ambaye maneno yake ya mwaka mzima yanaenea kwenye kikombe. Fundi huyo ana dada zake, na mkubwa wao ndiye mwenye sauti katika ukoo. Sasa, kwetu huku wifi anayekupenda anakutukana. Anakwambia umepika dawa ya panya, anakwambia kaka yake alikuwa kijana mzuri kabla hujamchakaza, nawe unamrudishia, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wifi asiyekutaka yeye ana adabu. Anakukaribisha, anakuuliza habari za safari, anakupa kiti wakati wenzako wamekaa mkekani. Muuza Mawe alipewa kiti tangu kabla ya ndoa, na akaendelea kupewa kiti miaka yote aliyoishi huku na huko kati ya Kibiti na Salale. Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja, wifi yake mkubwa amtukane.

"Nimeolewa, mdogo wangu," aliniambia siku moja, "lakini bado ni abiria."

Bidhaa zake zilikuwa za kila namna. Wakata miti ya mikoko aliwapelekea vinoo vya kunolea mapanga na mashoka. Wavuvi aliwapelekea mawe madogo ya kufungia chini ya nyavu. Kulikuwa na mawe meusi ya kutwangia, na mapana ya kuweka mlangoni mtu akanyage asiingie ndani na tope. Hayo yote aliyauza bila mapenzi, kama mimi ninavyouza sigara. Mapenzi yake yalikuwa jiwe jeupe.

Umeliona jiwe hilo, hata kama hukulitazama. Watu wa milimani wanalifukua shambani wakilima karanga na kulitupa mpakani, na kwenye machimbo ya changarawe limejaa. Ni jeupe kama tui la kwanza, pengine na doa la kutu, na kwenye kingo zake nyembamba linapitisha mwanga. Ukilivunja halifuati mstari wowote, linavunjika kwa mapindo yenye makali kama chupa. Watu wa Salale walilinunua kwa ajili ya makaburi. Mti wa mkoko unaosimikwa kichwani mwa kaburi huoza baada ya muda, na jiwe la matumbawe linaliwa na chumvi mpaka linakuwa kama mkate uliokauka. Jiwe jeupe linabaki vilevile. Muuza Mawe alisema hajawahi kumuuzia mtu kitu cha kweli zaidi ya hicho, na mimi nilimjibu kwamba wateja wake wa makaburini nao hawajawahi kurudi kulalamika.

Alikuwa na vipimo vyake, na vyote alivifanyia bandani kwangu kwa mali yangu. Kipimo cha kwanza kilikuwa chupa. Alichukua chupa ya soda, akapitisha ncha ya jiwe, na chupa ikabaki na mchirizi. Kisha akapitisha kisu changu juu ya jiwe, na kisu ndicho kilichobaki na aibu. Chupa zangu zote za miaka ile zilikuwa na mikwaruzo, na mletaji wa soda alinishtaki mara nyingi kwamba ninazifugia paka. Kipimo cha pili kilikuwa ndimu. Nahodha mmoja wa Mafia alimletea mawe meupe ya huko kwao akiapa kwamba ni yaleyale. Muuza Mawe alikata ndimu yangu, akakwangua jiwe la nahodha kidogo, akalikamulia. Povu dogo likatokea, likachemka polepole. Akakamulia la kwake, ndimu ikateleza ikaanguka mezani.

"Lako linalia, baba," alimwambia. "Langu halijui kulia."

Nahodha alirudi na mawe yake Mafia, na mimi nilibaki bila ndimu ya supu.

Kipimo cha tatu hakikuwa kipimo, yalikuwa maonyesho. Mchana wa jua kali alinivuta kwenye kona ya banda, akatufunika wote wawili kwa shuka nzito na juu yake kanga mbili, jasho linatutoka, akaniambia nifumbue macho. Akachukua mawe mawili meupe na kuyasugua kwa nguvu zake zote. Ndani ya mawe yenyewe kukatokea mwanga, hafifu, wa rangi ya machungwa, unakuja na kupotea kila alipovuta mkono. Palinuka kama kiberiti kilichozimwa. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wa kusomesha na nilipiga kelele kama nimekanyagwa. Mnunuzi wa kamba aliyekuwa anapita akasimama nje ya shuka.

"Jamani, kuna mgonjwa?"

"Hapana," alisema Muuza Mawe kutoka ndani. "Tunatazama jiwe. Ingia au ondoka, unaleta mwanga."

Mnunuzi akaingia. Siku ile boti ya Salale ilichelewa kwa sababu nahodha naye aliingia, na baada yake fundi wa mashine, na shuka langu likarudi lina grisi.

Ukimsikiliza ungedhani ni mtu wa akili nyingi na msimamo mmoja. Hapana, alikuwa na pande zake. Mganga mmoja alikuja kutaka mawe meupe kiroba kizima, ya kuzindikia nyumba za watu, na Muuza Mawe akakataa katakata. "Jiwe langu halijui jina la mtu yeyote," alimwambia, "wala halina hasira na jirani wa mtu." Niliona fahari kwa ajili yake. Kumbe nyumbani Kibiti alikuwa na kipande kimoja chini ya mto wa kulalia, na akiumwa kichwa alikiweka kwenye paji la uso kwa sababu jiwe hilo hukaa la baridi hata wakati wa joto. Nilipomwambia kwamba huo nao ni uganga, alikasirika akanywa chai bila kulalamikia sukari. Alihubiri usafi wa mawe, akayasugua mpaka yakang'aa, na nyumba yake, nilikwenda mara moja, ilikuwa kama ghala lililopitiwa na upepo. Na kubwa kuliko yote, alikuwa hakubali kosa. Angeweza kuona kosa limekaa mbele yake linakunywa chai, akaligeuzia kisogo na kuangalia kwingine.

Sasa niseme habari ya pilau.

Posa ya fundi mashua ilikwishapokelewa, ndoa ilikuwa bado. Binti wa wifi mkubwa akawa anaolewa, na Muuza Mawe akataka kuingia ukweni kwa kishindo. Kule Salale wanapikia mafiga ya udongo wa kufinyanga, au jiko la chuma kwa aliye nalo. Yeye akawapelekea zawadi ya mafiga matatu ya jiwe jeupe, makubwa kama vichwa vya ng'ombe, ameyasugua kwa mchanga mpaka yanapendeza. Safari nzima yalikaa chini kabisa ya boti, kwenye maji yaliyovujia. Wanawake wa Salale walipoyaona walipiga vigelegele. Hawakuwahi kuona mafiga mazuri namna ile.

Mtu aliyekulia milimani angewazuia. Kule wanawake hupikia mawe meusi, na yale meupe huyapita, na hakuna anayeeleza kwa nini kwa sababu kila mtu amelijua hilo tangu utotoni. Lakini Muuza Mawe alilelewa na jiko la mkaa, na wenyeji wake walilelewa na tope. Mmoja alilipenda jiwe mno, wengine hawakulijua kabisa, na katikati yao hapakuwa na mtu wa kusema neno.

Walitia magogo ya mkoko, ambayo moto wake ni mkali, wakateleka sufuria la shughuli. Nyama ilikwishaiva na mchele ulikwishatiwa. Hapo figa la kwanza likapasuka. Mlio wake, alinisimulia mwenyewe, ulikuwa kama tairi la lori. Vipande viliruka, kuku wakapanda paani, na wanawake wakakimbilia majini na kanga zao. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Kisha la pili likalifuata la kwanza, sufuria likainama taratibu kama mzee anayerukuu, na pilau yote ikamwagika kwenye majivu huku wenyewe wanaitazama. Wageni wa harusi walikula mihogo na samaki.

Muuza Mawe alisimama pale akingoja matusi. Aliniambia aliyahitaji. Lau wifi mkubwa angemwita mchawi, au mwenda wazimu aliyekuja kuwalipua, basi yangeisha palepale kwa kicheko na fagio. Wifi mkubwa alikuja polepole, akatazama sufuria, akatazama mchele, akamgeukia.

"Mgeni wetu hakuumia?" akauliza. Kisha akawaambia wasichana, "Mleteeni kiti."

Fundi mashua alimuoa hivyohivyo. Sijui kama aligundua kwamba pilau ilimwagika. Lakini kiti hakikuondoka.

Kwa muda mrefu baada ya hapo Muuza Mawe alizilaumu kuni. Mkoko una chumvi, alisema, na chumvi ndiyo iliyopasua. Nikamwambia mbona watu wa Salale wanapikia mkoko tangu enzi za babu zao na mafiga yao hayajawahi kuruka. Akaniambia nitie sukari.

Aliyemtoa kwenye ukaidi huo alikuwa bwana wa visima. Huyu alikuwa fundi wa mtambo wa kuchimbia visima virefu, kijana mstaarabu aliyesomea mambo ya miamba, na alipanga chumba Kibiti wakati wakichimba huku kwetu. Alikuja kwangu kula, akamkuta Muuza Mawe anakwaruza chupa, na kuanzia hapo hawakuachana. Mimi niliosha vyombo na kusikiliza. Alisema jina la jiwe lile ni kwazi, na kwamba ni moja ya vitu vilivyojaa kuliko vyote kwenye gamba la dunia.

"Chini sana ardhini," alieleza, "kuna maji ya moto kuliko ya birika hili, na yamebanwa na uzito wa mlima. Maji ya namna hiyo yanayeyusha jiwe kidogo kidogo. Yakipanda kwenye nyufa za mwamba yanaanza kupoa, na kile kilichoyeyuka kinaganda kwenye kuta za ufa. Kinaongezeka, kinaongezeka, mpaka ufa wote umejaa."

Muuza Mawe akafunua birika langu mbele ya wateja na kuonyesha ukoko mweupe uliogandia ndani. "Kama huu?"

"Kama huo, mama. Ila huo ni wa chokaa, na hilo lako limechukua muda ambao hakuna wa kuusimulia."

Akaendelea kueleza kwamba mlima ukichakaa kwa mvua na jua, mawe laini huisha na lile jeupe hubaki, kwa sababu ni gumu na maji ya kawaida hayaliwezi. Linavunjika, linabingirishwa na mito, linakuwa changarawe, linakuwa mchanga. Mchanga tunaoujua, kwa sehemu kubwa ni hilohilo. Mto wetu unauacha mzigo mzito huko juu, na tope jepesi ndilo linalofika Salale. Yeye mwenyewe kwenye visima vyake humimina changarawe hiyo kuzunguka bomba, kwa kuwa haioshwi wala haibomoki, nayo huzuia matope. Na chupa zangu, alisema, zilitengenezwa kwa mchanga ulioyeyushwa tanuruni.

"Kumbe siku zote nilikuwa namkwaruza mwanangu," alisema Muuza Mawe, akaipangusa chupa kwa upindo wa kanga.

Kisha bwana wa visima akanyoosha kidole kwenye saa yangu ya ukutani. Chini ya mishale kulikuwa na neno la Kizungu ambalo nililiona kila siku nikidhani ni jina la mwenye kiwanda. Kumbe ni kwazi. Alisema ndani ya saa kuna kipande kidogo cha jiwe hilo, ukikipa umeme wa betri kinatetemeka kwa mwendo usiobadilika, na saa inahesabu kutetemeka huko. Muuza Mawe alisimama. Aliitazama saa ile kwa muda, akahamisha kikombe chake, na tangu siku hiyo alikaa chini yake kama mwenye nyumba. Mteja akisema saa yangu imechelewa, alimjibu yeye kabla yangu.

Ndipo akauliza lile lililomleta. Aliliuliza kwa kuzungukazunguka, ati kuna mwanamke mmoja anamfahamu, alipikia mafiga meupe. Bwana wa visima alicheka kabla hajamaliza. Alimwambia weupe ule kama maziwa mara nyingi unatokana na vitone vidogo vya maji vilivyonaswa ndani tangu jiwe linaganda. Ukiliweka motoni, maji yale yanatafuta pa kutokea. Tena jiwe lenyewe likipata moto mkali hutanuka ghafla na kupasuka, na kama lilikuwa limeloa, mambo huwa mabaya zaidi.

"Kwa hiyo kuni hazina kosa," alisema Muuza Mawe.

"Kuni hazina kosa."

Aliiacha chai mpaka ikapoa. Kisha akavaa kiatu chake. Kuanzia wiki ile hakumuuzia mtu jiwe jeupe bila kumshika mkono kwanza na kumwambia, "Hili ni la maji. Halikubaliani na moto." Aliwaambia hata waliokuja kununua kinoo.

Salale nako alikwenda akasema. Aliwakusanya mawifi, akakiri mbele yao kwamba kosa lilikuwa lake na siyo la kuni zao. Alidhani hapo mlango utafunguka. Wifi mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kujisumbua, akamuuliza kama atapenda kunywa dafu.

Basi akaamua kuanza yeye. Safari iliyofuata alimkuta wifi mkubwa anapepeta mchele uani, akamwambia kwa sauti ya watu wote, "Wifi, kwa upepetaji huo kaka yako alikula pumba mpaka nilipokuja kumwokoa." Wifi mkubwa akaweka ungo chini, akajipangusa mikono.

"Ni kweli, mgeni wetu," alisema. "Tutajitahidi."

Alinisimulia hayo bandani huku analia na kucheka kwa pamoja, mimi nacheka zaidi ya inavyostahili rafiki. Lakini nilimwonea huruma sana. Mwanamke aliyezoea kupigiwa kelele na bandari nzima, halafu anafika kwa mumewe anasemeshwa kama ofisa kilimo.

Wazo la ndoo lilitokana na visima. Maji ya mto kule Salale, yakipatikana yasiyo na chumvi, yana tope, ukiteka asubuhi unangoja mpaka jioni yatulie. Muuza Mawe alichukua ndoo, akatoboa chini, akapanga changarawe ya jiwe jeupe, juu yake mchanga mweupe aliouchekecha na kuuosha mpaka maji ya kuoshea yakatoka safi. Ukimimina maji ya tope juu, chini yanadondoka angavu. Chumvi haitoi, na bwana wa visima alimwapisha awaambie watu maji bado yachemshwe. Aliwaambia. Ndoo ya kwanza aliiweka kwa wifi mkubwa, akaondoka bila kusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko kubeba mawe.

Ndoo zikapendwa. Nyumba baada ya nyumba zikatundikwa. Lakini mchanga huchoka, unaziba kwa tope na lazima uoshwe au ubadilishwe, na Salale yote hakuna mchanga wa namna hiyo. Kila mara ilibidi wamngoje Muuza Mawe. Wifi mkubwa si mtu wa kumngoja mtu. Masika yalipokaribia akatangaza kwamba atakwenda Kibiti mwenyewe, aonyeshwe machimbo na jinsi ya kuuchagua mchanga, ili asimsumbue mgeni. Walipita bandani kwangu wakielekea huko. Alikuwa mrefu, mkavu, na aliniamkia kwa adabu iliyonifanya nikae sawa. Muuza Mawe alimfungulia njia, akambebea kikapu, uso umemkauka kwa hofu.

Wifi alikusudia kulala siku chache tu. Mvua ikanyesha kama imetumwa, barabara ya kuja huku ikakatika, magari yakazama mpaka madirishani, na hao wawili wakafungiwa nyumba moja Kibiti. Niliwaza sana habari zao. Nyumba yenyewe niliijua, na nilimjua mwenye nyumba, na niliogopa kwamba barabara ikifunguka talaka ndiyo itakayopita kwanza.

Barabara ilifunguka. Nilikuwa nakuna nazi, bandari imejaa watu wanaongoja maji, nikaona bajaji iliyopakia viroba vya mchanga inakuja inayumba. Wakashuka wote wawili, wamechafuka tope mpaka magotini. Muuza Mawe akaanza palepale kuwapigia kelele wabeba mizigo. Wifi mkubwa akaingia bandani, akajitupa kwenye benchi, nami nikamkaribisha kwa kumwogopa.

"Shikamoo, bibi. Poleni na safari. Kibiti mlikaa salama?"

Alimtazama Muuza Mawe kule nje kwa muda. Kisha akapaza sauti, bandari nzima ikamsikia.

"Marahaba, mwanangu. Kukaa tumekaa, kulala ndiyo sijalala. Mwanamke yule anakoroma! Majirani wanamjia na magunia ya mpunga, wanadhani kanunua mashine ya kukoboa. Nilikuwa nasema kaka yangu kawa kiziwi kwa uzee, maskini, kumbe kachagua mwenyewe."

Wabeba mizigo walianguka kwa kicheko. Mmoja alikaa chini juu ya kiroba. Muuza Mawe aligeuka polepole, mkono uko kifuani, mdomo wazi. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Akaja mpaka mlangoni mwa banda.

"Wifi," alisema. "Hebu rudia. Huyu alikuwa anakuna nazi, hakusikia."

Wifi mkubwa akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na mara hii akaongeza na habari ya ugali wake.